Watu wa Mama Walitoka Ng'ambo

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru mama yangu alikuwa diwani wa Malaba, mwanamke pekee katika kamati ya elimu ya baraza la kaunti. Walimtia kwenye kamati hiyo wakidhani atawapikia chai. Wakakoma wenyewe. Aliuliza mabati ya shule yamekwenda wapi mpaka mabati yakapatikana, na wanaume wazima wakawa wakimwona mjini Busia wanakata kona.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya katika shule yetu ya msingi karibu na mto. Ng'ambo ya mto ni Uganda, ila kwetu sisi Wateso ng'ambo ni kwa shangazi, ni kwa mjomba, ni mahali unapokwenda kuomba mbegu ya wimbi. Watoto wengi wa darasa langu walivuka maji kila asubuhi, kaptura zimepandishwa, kwa sababu shule ya upande wao ilikuwa mbali mno.

Ndipo akatokea mfanyabiashara mmoja wa malori aliyekitaka kiti cha mama. Akaanza kueneza sokoni kwamba watoto wa Uganda wanakalia madawati ya Wakenya. Kamati nayo ikataka wafukuzwe. Mama akasimama mbele yao akasema wazazi wa ng'ambo watalipia nafasi hizo kwa jasho: watachoma matofali, watajenga madarasa mapya. Kamati ikakubali, nadhani kwa kuamini hawatakuja. Walikuja. Wanawake walibeba maji, wanaume wakakanyaga udongo, na madarasa yakasimama. Nilijivunia mama yangu hadi nikawa sisemezeki.

Uchaguzi ulipokaribia, mama alipoita mkutano watu wake walijaa uwanja wa shule mpaka barabarani. Mkutano wa yule wa malori ulikuwa mtupu, aibu tupu. Wapiga kampeni wetu wakaanza kugawana vyeo. Hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyejiuliza watu wale wanalala upande gani wa mto. Hilo ni kosa letu watu wa mpakani. Tukiona uso wa ndugu hatuulizi ana karatasi za wapi.

Mama aligutuka siku ya kura yenyewe. Tulikuta foleni ndefu kituoni, watu wamevaa nguo za kanisani, na wengi wao ni wa ng'ambo. Wakala wa mama alikuwa ameshawagawia kadi za kura za jamaa zao wa upande huu ambao hawangekuja. Makarani, ambao nao walikuwa jamaa, walitazama pembeni.

"Mama, hawa ni watu yetu," wakala akamnong'oneza. "Wacha wapige tu. Hakuna mtu atauliza."

"Yule wa malori atauliza," mama akasema. "Akishika mmoja na kadi ya mtu, kesho watoto wote wanatoka shule."

Akaanzia mbele ya foleni, akiwasalimu kwa Kiteso mmoja mmoja, akiwaomba kadi na kuwarudisha nyumbani. Mzee mmoja alikataa kuondoka.

"Wewe umetupigania," alimwambia. "Sasa sisi tukusaidie na nini?"

"Shule ikifunguliwa, mzee, leta watoto."

Nilisimama pale nikisaga meno. Nilimkasirikia sana. Ingekuwa mimi ningewaacha wapige, na usiku ningelala fofofo. Foleni ilibaki kipande.

Alishindwa, tena vibaya. Yule wa malori alizunguka Malaba akipiga honi, na alipokalia kiti kwenye kamati, jambo lake la kwanza likawa watoto wa ng'ambo. Wenzake wakamuuliza wamekosa nini. Hakuwa na hata kadi moja ya kuonyesha.

Siku ya kufungua shule nilirudi nyumbani nikamkuta mama akipalilia mihogo, kazi aliyoiacha muda wote wa udiwani. Hakuniuliza habari za baraza wala za mtu yeyote.

"Wa ng'ambo wamekuja?"

"Wamekuja wote, mama."

Tangu ashindwe hakuwa ametoa chozi. Sasa akaketi pale pale kwenye tuta, akajifunika uso kwa leso, akalia. Hasira zangu zote zikaniisha. Nikaketi kando yake nikalia naye.