Siku Niliyomruka Mutinda

Nilipokuwa mtoto, miguu yangu ilikuwa na sheria nyingi kuliko mdomo wangu. Nyumbani kwetu, kwenye mteremko ulio juu ya soko la Tawa, msichana hakukanyaga majivu, hakukalia kinu, na zaidi ya yote hakumruka mtoto aliyelala chini.

"Ukimruka mtoto, hatakua," nyanya yangu alisema. Tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. "Na ukimruka kwa bahati mbaya, rudi umruke tena pale pale, ufungue ulichofunga."

Niliipenda sheria hiyo kwa sababu ilikuwa na njia ya kujitoa. Nyingi za Susu hazikuwa nayo.

Nilikuwa na miaka saba ndugu yangu alipozaliwa. Mama aliumwa na uchungu siku mbili, humo nyumbani, Susu akimkanda mgongo. Mtoto alipotoka hakulia. Nakumbuka nikiwa nje nasubiri kile kilio, nikisubiri tena, mpaka nikaanza kulia mimi. Baadaye sana ikasikika sauti ndogo kama ya kifaranga. Wakamwita Mutinda, jina la aliyekawia.

Siku yenyewe alikuwa na miezi mitano. Mama alikuwa amemlaza kifudifudi juu ya leso, mbele ya ghala, akaenda kuchochea moto. Susu akapaza sauti kutoka shambani, "Mwende! Mbuzi wameingia shamba la ndengu!" Nikatimka. Leso ilikuwa njiani, na kabla sijafikiri nilikuwa hewani, ndugu yangu akiwa chini yangu. Nilijua kosa langu hata kabla miguu haijagusa ardhi. Lakini mbuzi walikuwa watatu na mmoja wao hakuwa na adabu. Niliporudi, leso ilikuwa imekunjwa na Mutinda yuko ndani ananyonya. Nikasema moyoni, kesho. Kesho yake nikasahau.

Nilikumbuka miezi ilipopita na shingo ya Mutinda ikakataa kusimama. Watoto wa rika lake walikuwa wanakaa, wanamwaga uji, wanavuta kuku mkia. Yeye kichwa kilianguka upande, kama bua la mtama lililolemewa na masuke. Watu hawakukosa la kusema. Kwenye foleni ya maji nilisikia mwanamke mmoja akisema kuna kiapo chenye laana kwenye ukoo wetu, mwingine akasema mama yetu alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito. Mama akaacha kwenda kanisani. Akimbeba Mutinda njiani, alimfunika leso mpaka usoni, hata kwenye jua la Februari.

Mimi niliwasikiliza wote nikijua kwamba wanakosea. Haikuwa kiapo. Ilikuwa miguu yangu.

Sikumwambia mtu. Badala yake, kila alasiri Mama akienda kuteka maji, nilimtoa Mutinda nje kwenda kumfungua. Nilimlaza pale pale mbele ya ghala, kifudifudi kama siku ile, kwa sababu niliamini kosa hutenguliwa kwa namna lilivyofanyika. Nikamruka. Nikamwangalia. Hakuna kitu. Pengine nilikuwa nimechelewa sana, nikawaza, deni limezaa. Nikamruka tena, na tena, nikimwimbia ili asiogope.

Siku za kwanza alishtuka na kukunja ngumi. Wiki iliyofuata alicheka. Alicheka kwa mwili mzima, kwa sauti kubwa iliyokatika katikati, na mimi nikacheka pia, nikasahau kwa muda kwamba ile ilikuwa kazi ya toba. Nikiruka kwenda kulia, alijitahidi kunitafuta upande huo. Nikiruka kushoto, vivyo hivyo. Mara nyingi pua yake ilizama kwenye leso, nikamwinua, tukaanza upya. Hivyo ndivyo tulivyoishi sisi wawili, karibu mwaka mzima, na hakuna aliyejua.

Kisha ikatangazwa kanisani kwamba mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali angekuwa akija mara moja kwa mwezi kuwafunza wazazi wenye watoto wa namna hiyo. Mama alisema haendi kuonyeshwa watu. Aliyemtoa nyumbani alikuwa Susu, na si kwa kuamini. "Tutaenda tusikie uongo wao," alisema, akafunga kitambaa kichwani.

Tulikuta familia tano kwenye ukumbi wa kanisa. Nadhani hicho ndicho kilichomshangaza Mama kuliko yote. Tano, na moja ilikuwa inakaa ng'ambo tu ya mto wetu. Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, na sote tulimwita Madam. Alivua viatu akaketi chini kwenye mkeka na watoto. Zamu ya Mutinda ilipofika, alimlaza kifudifudi, akapiga makofi kidogo. Mutinda akainua kichwa. Akakishikilia juu, kinatetemeka, akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

Madam akamgeukia Mama. "Mama Mwende, nani amekuwa akimfanyisha huyu mazoezi?"

"Hakuna mtu, Madam. Mimi namlaza tu chali."

"Hapana. Shingo kama hii imefanyiwa kazi. Mtu amemfunza."

Nilihisi ukumbi mzima unaniangalia, ingawa hakuna aliyekuwa ananiangalia. Machozi yakanitoka kabla ya maneno. "Ni mimi, Madam. Nilimruka nikasahau kumrudia. Ndiyo maana hakui. Namruka kila siku na bado hafunguki!"

Madam hakucheka, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nizeeke. Aliniita nikakaa karibu naye, akamwuliza Mama kuhusu siku ya kuzaliwa. Mama akasimulia zile siku mbili, na mtoto asiyelia. Madam akaeleza polepole, akitumia Kikamba ili Susu asikie vizuri, kwamba mtoto akikawia kupata pumzi, ubongo huumia, na sehemu iliyoumia ni ile inayotuma miguu na shingo kazi. Si kiapo. Si kicheko cha mtu. Si mbuzi wala ndengu.

"Sasa nionyeshe unavyomruka," akaniambia.

Nikafuta pua, nikamruka Mutinda mbele ya watu wote. Akaangua kile kicheko chake. Kichwa kikanifuata huku, kikanifuata kule. Mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuwahi kuona.

"Kuanzia leo utaruka mbele yake, si juu yake, usije ukamwangukia," Madam alisema. "Lakini mchezo usiuache."

Mama mmoja kutoka upande wa pili akasema, "Na huyu wangu je? Si umrukie na yeye!" Watu wakapasuka kucheka. Wakalaza watoto wote sita mstari mmoja, na mimi nikarukaruka mbele yao kama mbuzi aliyefunguliwa, nikiimba kwa sauti yote niliyokuwa nimeificha mwaka mzima. Wanawake wakaitikia na kupiga makofi. Vichwa viwili vikainuka, cha tatu kikajaribu.

Susu hakucheka. Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Kwa nini hukuniambia, Mwende?"

"Niliogopa, Susu."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema, akiongea zaidi na Mama kuliko na mimi, "Mimi ndiye niliyesema tusiende hospitali siku zile za uchungu, tungoje kuche. Sikuwaambia pia kwamba tangu hapo silali."

Mama akasimama katikati ya njia. Akasema yeye naye alikuwa ameamini ni adhabu yake, kwa sababu alipojua ana mimba nyingine alinung'unika. Wakaangaliana, mama mkwe na mkwe wake, wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikiwa katikati sijui nifuate lipi. Mama alimfunua Mutinda uso. Tulipita sokoni hivyo hivyo, na yeye anaangalia kila kitu.

Mengine yalikuwa kazi, na kazi haikuisha upesi. Madam alifundisha kutengeneza kiti kwa maboksi yaliyogundishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa kigumu kama mbao. Jirani yetu fundi seremala alichimbia fito mbili uani za kujishikilia. Susu akawa ndiye msimamizi mkali wa mazoezi. Hata wageni walisubiri chai mpaka Mutinda amalize zamu yake. Alikaa mwenyewe akiwa na miaka mitatu. Hatua za kwanza alizipiga akiwa na sita, kati ya zile fito, akitukana kuku waliopita mbele yake. Leo ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Wote. Anatembea na mkongojo mmoja, maneno yake hutoka polepole, lakini huwezi kumnyamazisha.

Mimi nimeingia kazi ile ile ya Madam. Nimekuja kuamini kwamba Susu hakunidanganya kwa ubaya. Alinipa alichopewa, na ndani yake mlikuwa na agizo moja jema: ukikosea, rudi. Kilichotuumiza nyumbani si ile imani peke yake. Ni kwamba kila mtu alikaa na hatia yake kwenye kona yake, na mtoto akakaa katikati yetu bila mtu wa kucheza naye waziwazi.

Kwa hiyo nikienda kufunza wazazi, huomba waje na watoto wote wa nyumba. Mwezi uliopita nilikuwa Kyuso. Kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, niliwauliza ndugu na dada kama kuna anayejua ni nini kilimpata mwenzao. Msichana mmoja mwembamba akainua mkono nusu, akaushusha. Nikangoja.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwogesha na maji baridi."

Mama yake akataka kumkemea. Nikamwomba aache kwanza. Nikasogea kwenye mkeka, nikamwachia msichana nafasi, akaja akaketi, magoti yetu yakigusana.

"Si wewe," nikamwambia. "Nitakueleza vizuri, na utaniuliza chochote. Lakini kwanza niambie, ndugu yako anapenda nini?"

Alimgeukia ndugu yake, na uso wote ukafunguka.