Mfuko Mtupu Katika Albamu ya Mansur

Adoch alizaliwa katika kambi ya askari, akalelewa kambini, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha kambini. Baba yake, Sajini Okidi, alikuwa askari wa Mwingereza kabla ya kuingia polisi. Adoch mwenyewe alipiga taipu katika kituo cha polisi kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alipanga chumba Kabalagala, mtaa wa starehe hapa Kampala, katikati ya baa mbili, na humo anashona alama za vyeo kwenye sare za askari. Haya nimeyajua karibuni. Miaka tisa mume wangu alikwenda kwake kila Alhamisi baada ya alasiri, na mimi sikujua hata jina lake.

Marehemu mume wangu, Mansur, alikuwa na duka la vitambaa Nateete na albamu moja ya noti za kale. Za hapa kwetu hakuzijali. Babu yake alifanya biashara mpaka Blantyre, kwa hiyo alikusanya za kusini: Rhodesia ya Kusini, Afrika Kusini ya wakati wa Mfalme, na za shirikisho la Rhodesia na Nyasaland.

Nilipotoka eda, jumuiya ya familia zetu iliomba albamu ioneshwe ukumbini siku ya Jumamosi, kwa heshima yake. Niliifungua nikiwa na wifi yangu, Shamim. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na mfuko mtupu. Chini yake, kwa penseli, Mansur alikuwa ameandika: "Pauni moja, Rhodesia na Nyasaland. Iko kwa Adoch, Kabalagala."

"Kabalagala!" Shamim alipiga makofi. "Wifi, kumbe kaka yangu alikuwa na benki yake huko!"

"Nyamaza, Shamim."

"Mimi nitanyamaza. Ukumbi mzima utakaposoma, utaunyamazisha nani?"

Ningeweza kufuta. Lakini mfuko mtupu nao unasema, na jina letu halijawahi kusemwa vibaya Kampala hii. Niliamua noti irudi kabla ya Jumamosi.

Asubuhi yake nilikwenda. Nilitarajia wanja na manukato. Nilikuta mwanamke mrefu mwenye mvi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wanja ungenifaa zaidi. Ningejua la kumwambia.

"Wewe Mama Naila," alisema kabla sijajitambulisha. "Karibu. Mzee alisema wewe natembea kama mwalimu mkuu."

"Nimekuja kuchukua noti ya mume wangu."

"Ya Mzee? Hapana, mama. Hiyo ya baba yangu."

Alitoa kopo la tumbaku, na ndani yake noti katika plastiki: Malkia bado kijana, karatasi imekunjamana, imeingia jasho. Sajini Okidi alipewa na askari mwenzake wa Nyasaland siku walipoagana. Mansur aliisikia habari yake alipopeleka kitambaa cha sare. Akaomba kuinunua, Adoch akakataa. Alhamisi iliyofuata akarudi, akakataliwa tena. Baadaye akaacha kuomba, ila hakuacha kuja.

"Miaka tisa anatazama noti moja?"

"Ye naangalia, mimi nashona. Halafu naongea. Mzee naongea sana!"

Nyumbani kwangu Mansur alikula kimya, akasema alhamdulillahi, akainuka.

Nilinyoosha mkono. "Hapana na kidole, mama. Shika pembeni." Nikamwambia kwamba imechafuka, na kwamba zetu ni safi, hazina hata kunjo.

Alishusha sindano. "Najua. Wewe alipiga pasi."

Ni kweli. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, wageni wakiwa njiani, nilizifua zote kwa sabuni, nikazitia wanga, nikazinyoosha kama leso za mezani. Mansur alitazama, akaniambia ahsante.

"Noti ya zamani ukifua, umeua," Adoch alisema. "Watu wa noti hapana taka tena. Mzee alilia hapa, kwa kiti hicho. Aliniambia, Mama Naila asijue hata siku moja, alifanya kwa mapenzi."

Kama angeniambia kwamba walipendana, ningejua pa kumchukia. Lakini kosa langu lilikuwa siri ya wawili, na mimi mwenyewe sikuwamo. Machozi ya mume wangu, ambayo sijawahi kuyaona, yalianguka juu ya kiti cha plastiki Kabalagala.

"Jumamosi nitaleta noti," alisema. "Halafu narudi nayo."

Alikuja kweli, amevaa gomesi ya kijani, akaitia noti katika ule mfuko mtupu kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Shakib, ambaye naye hukusanya noti, aliinamia albamu kwa muda mrefu.

"Mbona hizi nyingine zinang'aa hivi? Mansur alizifanya nini?"

Shamim alinyoosha shingo. Mimi nilimtazama Adoch, kwa sababu neno moja tu la kwake lingetosha.

"Kazi ya Mama Naila," alijibu. "Nyumba ile natunza vitu. Mzee alikuwa najivunia sana."

Mzee Shakib alinitazama, nadhani alielewa, akafunga ukurasa kwa adabu. Watu wakanisifu. Jina letu lilibaki safi, na aliyelisafisha ni Adoch. Chai yake nilimmiminia mwenyewe.

Jioni noti ilirudi Kabalagala. Maandishi ya Mansur yalikuwa yameanza kufifia, nikayapitia kwa wino.

Siku hizi Alhamisi baada ya alasiri nakwenda mimi. Nakaa kwenye kiti kile na kumuuliza Mansur alikuwa akisema nini. Adoch anashona, ananisimulia Alhamisi moja tu, kisha anakata uzi kwa meno na kusema kazi ni nyingi. Zimebaki mamia, na anazijua zote.