Mwanga Usiopanda Juu ya Goti

Katika jumba la sinema lililokuwa nyuma ya posta, kazi ya kuwaongoza watazamaji gizani ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyeitwa Mama Tochi. Alivaa koti jekundu la vifungo vya shaba, na tochi yake ndogo ilikizoea kiganja chake kama mwiko unavyouzoea mkono wa mpishi. Kazi ile ina adabu yake, naye alifundishwa na meneja wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, siku ile ile alipokabidhiwa koti: mwanga umulike sakafu, umulike viatu, wala usipande juu ya goti. "Uso wa mtu aliye gizani," meneja alimwambia, "ni siri yake na Mola wake. Fungu lako wewe ni miguu." Mama Tochi aliishika adabu hiyo kama ashikavyo mtu sala zake, hata akawa anawatambua wateja kwa viatu kabla ya kuwatambua kwa sauti.

Ujuzi mwingine alijifunza mwenyewe. Filamu ikiwa ya mapigano, aliwaketisha watu katikati. Ikiwa ya mapenzi, aliwapeleka nyuma. Lakini ilipokuja filamu ya mafumbo, moja ya zile ambamo mtu huingia kabatini akatokea jangwani na farasi akamsomea wosia, wateja aliozoeana nao aliwaweka karibu na mlango, ili wakichoka watoke bila kukanyagana. "Hii ni ya mlangoni," aliwanong'oneza. Wakacheka, wakakaa, na kabla ya nusu wakawa wamekwisha kwenda zao. Yeye aliamini kwamba mtengenezaji akikataa kusema waziwazi, ama hana la kusema, ama analo na anaona haya.

Mama Tochi alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi, akaipata, na juu ya kazi akapata mke mwingine. Ndugu wa karibu hawakuwapo, na zamu ya sinema ilianza jua likizama. Basi kila jioni alimlisha mwanawe, akamlaza, akaiacha redio ikisema kwa sauti ya kadiri ili majirani wadhani ndani mna mtu mzima, akaufunga mlango kwa nje, akaenda. Aliporudi hakuwasha taa, akichelea kumwamsha. Alisimama kizingitini, akaumulika mwisho wa kitanda kama alivyozoea kumulika sakafu ya jumba, akaona nyayo za miguu yake zimechungulia shukani, akasema kwa sauti ya chini, "Miwili ipo." Akazima. Akalala na moyo uliotulia. Hivyo ndivyo alivyomlea hata mtoto akawa kijana, akapata nafasi ya kwenda mbali kusomea utengenezaji wa filamu.

Masomo yakaisha, kijana asirudi. Palipokuwa na furaha alituma salamu, palipokuwa na msiba alituma rambirambi; mwenyewe hakukanyaga. Mama akimwuliza, jibu lilikuwa kazi, mama, kazi. Waliomzunguka walimwambia kwamba subira yavuta heri, naye aliivuta kamba hiyo miaka kwa miaka hadi ikamchubua mikono, na heri haikuonekana hata ncha yake.

Ndipo siku moja akapigiwa simu. Filamu ya kwanza ya kijana imekamilika, na jumba la mama yake limekubali kuionyesha wiki nzima.

"Njoo uitazame, mama. Siyo kwa kazi. Ukae kitini kama watu."

"Nitakuja, baba. Na wewe nyumbani utakuja?"

"Ukikaa hadi mwisho utajua kwa nini siji."

"Si uniambie tu sasa hivi? Masikio ninayo."

"Kama ningeweza kusema, mama, nisingehangaika na filamu."

Kwa hiyo alasiri ya onyesho la kwanza Mama Tochi alilivua koti, akavaa gauni lake la heshima, akakaa katikati kabisa ya jumba, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Tochi alikuwa nayo mkobani. Kuiacha nyumbani kungekuwa kama kuacha meno. Kando yake alikaa mkata tiketi, shoga yake wa siku nyingi, mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi.

Taa zikazimwa. Pazia la picha likaonyesha chumba kilichojaa maji hadi magotini, na viti vyenye namba vikielea ndani yake. Juu ya kitanda palilazwa redio, imefunikwa shuka hadi shingoni kama mgonjwa, ikisoma namba za viti moja baada ya nyingine. Nyuma ya ukuta watu wasioonekana walikuwa wakicheka. Kisha akaingia mwanamke asiye na kichwa. Koti lake liliishia kwenye kola, na mkononi alikuwa na duara la mwanga lililotambaa sakafuni kama mnyama anayenusa. Duara likafika kwenye nyayo za mtoto. Likasimama hapo muda mrefu. Likazimika. Likarudi, safari hii nyayo zilikuwa zimevaa viatu vya shule. Likazimika. Likarudi juu ya miguu ya meza, ya kuku, ya mzee mwenye magaga.

"Dada," mkata tiketi akanong'ona, "huyu mwanao alisomea filamu au ushonaji viatu?"

"Nyamaza, tutazame."

"Tutazame nini? Nimeona unyayo mpaka wangu unawasha."

Vicheko vikapita safuni. Mama Tochi naye akatabasamu, maana alikuwa bado hajui. Watu wakaanza kuinuka, wawili, kisha wanne, kisha safu nzima ya vijana waliokuja kwa sababu ya bango. Mkata tiketi alistahimili kwa ajili ya urafiki, halafu akamgusa goti. "Nisamehe, shoga. Mwenyezi Mungu akupe ujira wako. Mimi nakwenda kuuza soda." Akatoka.

Mama Tochi alibaki. Hakuwa akielewa, lakini alikuwa ameahidiwa mwisho, na kwa ajili ya mwisho huo alikuwa tayari kutazama miguu ya kuku mpaka alfajiri. Duara la mwanga likarudi tena kitandani, likaziangukia nyayo za mtoto, na kwa mara ya kwanza yule mwanamke asiye na kichwa akatoa sauti.

"Miwili ipo," akasema.

Waliosalia jumbani waliangua kicheko, maana miguu ile ilikuwa wazi hata kwa kipofu. Mama Tochi hakucheka. Yote aliyoyaona tangu mwanzo yakageuka na kumtazama: namba za viti, redio iliyolazwa kitandani mahali pa mtu, vicheko vya jumba la sinema nyuma ya ukuta, koti. Sauti ile ikasema tena, na tena, na kila iliposema mwanga ulizimika.

Mwishoni kabisa duara liliziangukia nyayo, na macho ya mtazamaji yakaruhusiwa kuacha mwanga na kupanda juu, polepole, kwenye giza la kitanda ambako tochi haikuwahi kufika. Mtoto alikuwa macho. Uso wake ulikuwa umelowa, nao umeelekezwa mlangoni, unangoja. "Miwili ipo," ikasema sauti. Mwanga ukazimika, na filamu ikaisha.

Taa ziliwashwa. Mwalimu mmoja mwenye miwani akasimama akasema kwamba mwanamke asiye na kichwa ni dola, na nyayo ni raia wanaohesabiwa wala hawasikilizwi. Kijana wake, aliyekuja mjini kwa onyesho hilo tu, alisimama mbele na kipaza sauti, akajibu kwamba huo nao ni usomaji mzuri. Mwingine akasema ni mauti. Kijana akasema hata mauti yanafaa. Mama alingoja mpaka wa mwisho alipoondoka, akamfuata mwanawe kwenye ujia wa kutokea.

"Umekaa hadi mwisho," kijana akasema.

"Nimekaa. Ulikuwa macho."

"Kila siku."

"Kwa nini hukuniita, baba? Neno moja tu."

"Nilikuwa nangoja upandishe mwanga. Kila siku nilijiambia, leo atapandisha, ataniona."

"Nilichelea kukuamsha, mwanangu. Na mkono ulikuwa umezoea. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo sababu kukuchukia kumenishinda. Na kuja pia kumenishinda."

Mama akamshika mkono wa shati. "Basi sasa tumesema. Jumapili njoo. Nitawasha taa zote, hata ya chooni."

Kijana akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likazimika. "Nilidhani nikiimaliza filamu hii nitaweza, mama. Nimeimaliza. Nimeona kwamba niliyokuwa nayo ya kukwambia ndiyo hayo. Nyuma yake hakuna kitu."

"Mimi nilidhani huu ndio mwanzo wa mazungumzo."

"Najua," akasema. Akamshika bega, kama mtu anavyomshika mfiwa asiyemfahamu vizuri, na mtu alipomwita kutoka nje, akaenda.

Mkata tiketi alimkuta shoga yake bado amesimama ujiani. "Haya, uliyevumilia, tueleze. Ilikuwa inahusu nini?"

"Viatu," akajibu Mama Tochi.

"Si nilisema!"

Kesho yake alilivaa koti, kwa kuwa filamu ilikuwa na wiki nzima mbele yake. Mteja wake wa zamani, mama mmoja mtu mzima mwenye kandambili za ngozi, alifika jua likizama, akasimama gizani kwenye njia ya katikati.

"Mwenzangu, nimesikia hii inachosha kweli. Lakini mtu akivumilia, mwishoni anapata chochote?"

"Anapata."

"Eh, basi nipeleke katikati nione vizuri."

Mama Tochi aliuinua mwanga. Ulifika gotini, mkono ukakataa. Ukashuka tena kwenye kandambili.

"Anapata," alisema mara ya pili. "Kwa hiyo nakuweka karibu na mlango."