Ukurasa Alioukana Baba

Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kivuko pale Kamanga, nilipata ujumbe kwamba yule mchoraji wa Kirumba amefariki. Huenda wasomaji wa safu hii mnaijua kazi yake bila kumjua mwenyewe: mabango ya saluni, picha za vitabu vya shule, na kitabu kimoja cha katuni kuhusu utoto wake. Humo alijichora akiwa binti mdogo mwenye selimundu, ugonjwa wa damu unaotesa mifupa, katika nyumba ambayo baba na mama hawakuaminiana. Baba alidai kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huo, kwa hiyo mtoto si wake. Mama alivumilia maneno hayo mwaka mzima, kisha akarudi kwao Bukoba, binti akabaki na baba.

Miaka mitatu iliyopita aliniletea rasimu ya kitabu hicho ofisini, Nyamagana. "Shikamoo, mzee. Naomba uniambie kama kinasomeka." Kilisomeka vizuri, hadi nilipokwama kwenye ukurasa mmoja. Humo amejichora akiwa amejikunja sakafuni, mlango umefungwa kwa nje, na sauti ya baba inasema: "Ukimaliza kuigiza, utagonga." Baba huyo nilimfahamu. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kanisani, mpole wa kauli. Nikahisi binti ametia chumvi. Sisi wa magazeti tumefundishwa kutilia shaka kila tunachoambiwa, basi nikafanya jambo ambalo hakunituma: nikamwendea mzee.

"Mwalimu, uliwahi kumfungia mtoto ndani akiwa mgonjwa?"

"Yule tangu zamani anapenda kuhurumiwa," alijibu taratibu. "Mimi sikumbuki mlango wowote."

Nikaridhika. Nilimshauri binti auondoe ukurasa ule, nikimweleza kwamba baba yake hakumbuki mlango wowote. "Kumbe ulimuuliza yeye," alisema. "Mimi mbona hukuniuliza?" Akapanga karatasi zake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Kitabu kilitoka na ukurasa wake, na tangu hapo salamu zetu zikawa za mbali.

Mazishini ulisomwa wasifu wa marehemu. Tuliambiwa alilelewa kwa upendo na wazazi wote wawili, na kwamba aliugua kwa muda mfupi. Kitabu hakikutajwa. Nilimtazama mzee aliyeketi mbele na leso mkononi, nikashindwa kujua kama analia au anatukagua. Baadaye dada yake mzee huyo, shangazi wa marehemu, alinivuta kando.

"Ni wewe uliyemwambia afute?"

"Ni mimi, mama."

"Ule mlango niliufungua mimi. Nilimkuta hawezi kusimama, midomo imekauka. Kaka akanionya nisimdekeze."

"Mbona hukusema siku zote hizo?"

"Nilikuwa naishi kwake, baba. Ningesema, ningelala wapi?"

Pale soko la samaki la Mwaloni hakuna anayemlaumu mteja anayefunua mashavu ya samaki kuona kama ni mbichi kabla ya kununua, na mimi najivunia kuwa mteja wa namna hiyo katika mambo yote. Lakini nikijipima kwa haki, mashaka yangu mara nyingi yameangukia mtoto, mgonjwa, mwanamke aliyekimbia nyumba. Mwenye cheo na kauli tulivu nilimpokea bila kumfunua popote. Hata sasa najishuku: je, nilitafuta ukweli kwa yule mwalimu, au nilitafuta ruhusa ya kutomwamini binti yake?

Nilikuwa na miaka mitatu ya kumwomba radhi, na kwake si mbali na kwangu. Sikwenda. Kwa hiyo ninachoweza kuwaachia wasomaji ni kidogo, nacho nimekipata kwa kuchelewa: mtu akikueleza maumivu yake ukayatilia shaka, rudi kwake yeye kwanza, ukae, umsikilize mpaka amalize.