Koili Niliyoshauri Ikatwe

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Julai 1999, Kitengela. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio, na upepo wa vumbi bila tone la mvua.

Mambo ya stima nilisomea mihula miwili tu kule Kajiado mjini, halafu nikaacha. Lakini kwa ploti yetu ya vyumba kumi walikuwa wakiniita injinia, na sikuwahi kukataa hilo jina. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Jirani yangu, mama wa kutoka Busia, alikuwa na mtoto wa miezi miwili na alichemsha maji ya kumwosha kwa koili, lile jiko la stima lenye waya wa kuzunguka. Mwenye ploti alikuwa amekataza koili. Aliandika kwa ukuta, herufi kubwa, hakuna mtu angesema hakuona. Wiki iliyotangulia, waya ya hiyo koili ilikatika katikati. Watu huzivuta zile ncha mbili wakazipindanisha, jiko likaendelea. Mimi nikajifanya najua zaidi.

"Tupa kipande kimoja," nikamwambia. "Hicho kingine kivute kijaze jiko. Waya fupi inakula stima kidogo, hata mzee mwenye ploti hatajua."

"Kumbe kweli ni injinia," akasema, akacheka.

Jumanne jioni akaiwasha. Sanduku la fyuzi likatoa moshi, waya za ukutani zikaungua, ploti nzima ikawa giza.

Asubuhi hiyo ya Jumatano mwenye ploti alikuja. Hakupiga kelele. "Mama, mwisho wa mwezi utafute kwingine." Jirani akaniangalia. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu, nikaendelea kuzifunga.

Baadaye nilitoa daftari langu la zamani. Chini ya jiko palikuwa pameandikwa volti 240, ampea 5. Ukigawanya, ukinzani ni omu 48. Ukizidisha, nguvu ni wati 1200. Sasa nusu ya waya ni omu 24. Volti 240 kwa omu 24 ni ampea 10, na wati 2400. Nilirudia mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Ile waya fupi ilikuwa inakula mara mbili.

Nikamfuata mzee dukani kwake, nikampa karatasi ya hiyo hesabu, nikamwambia ni mimi nilimshauri mama. Akaisoma polepole.

"Hii hesabu ulifanya kabla ama baada?"

"Baada, mzee."

"Basi wewe si injinia. Wewe ni daktari wa maiti."

Kusema haki, alikubali kwamba na yeye aliweka waya nyembamba kwa ukuta. Akasema mama abaki, ila soketi ya chumba chake itolewe, na mimi ndiye nikawaeleze wapangaji wote nani alileta giza.

Nilianza kwa jirani. "Mama, mzee amekubali ubaki."

"Asante." Alimhamisha mtoto bega lingine. "Lakini asubuhi ulikuwa hapo, na ulisikia."

Mpaka leo sijui kama ningeenda kwa mzee ikiwa hesabu ingetoka upande wangu.

Nikapita milango minane iliyobaki. Jioni tulikula ugali na sukuma wiki kwa taa ya mafuta, na mke wangu, ambaye kila siku huuliza kama imetosha, alinipakulia bila kuuliza.