Macho ya Papa Kwenye Mawindo

Jumamosi watu wenye akili hulala. Mimi, baada ya siku tano za ofisi Bukavu, nilikuwa natoka kwangu, mtaa wa Kasha, alfajiri na kuteremka hadi kijijini kwetu Luberizi kuwinda paa na papa, baba yangu. Mgongo ulianza kuniuma tangu garini. Paa wenyewe walikuwa haba, na nyama ningeipata sokoni bila kuchomwa na miba. Lakini papa ndiye aliyekuwa mkubwa wa mawindo, na mtoto wa mkubwa haruhusiwi kukosa.

Kichaka tulichowinda, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, ni cha kijiji kizima, na sheria zake ni za wote. Usiue jike mwenye mtoto. Usirushe mkuki kama huoni mwenzako yuko wapi. Na kabla mbwa hawajafungwa njuga, kila mtu aseme aliyo nayo moyoni, maana kinyongo kikiingia kichakani hufunga wanyama wasionekane. Huyu atakiri amemtukana mkewe, yule amemnunia shemeji. Mimi kila wiki nilisema nimechoka tu, wakanicheka: mtu wa ofisi!

Nilikuwa naficha. Wiki tatu nyuma, mkuki wa papa ulipita hatua moja tu kutoka kwa jirani yetu aliyeshika wavu. Wote walidhani umemteleza mkononi. Mimi nilikuwa karibu na papa, nikamwona akipapasa njia kwa mguu. Alikuwa haoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa angekufa jirani wa watu. Hata hivyo nilinyamaza, kwa kumwonea aibu papa na kwa woga wangu mwenyewe.

Jumamosi ile zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

«Papa haone tena muzuri,» nikasema. «Ule mukuki haikuteleza.»

Hakuna aliyecheka. Papa aligeuza uso upande wa sauti yangu.

«Unasema mbele ya batu bote?»

«Ile njo sheria yako, papa: kila mutu aseme.»

Alimpa jirani mkuki wake, akaketi chini kando ya wavu. Nilijichukia, na papo hapo nikapumua.

Mchana tulipata paa dume. Kugawa nako kuna sheria: aliyemchoma mnyama mkuki huchukua mguu wa nyuma, wenye mbwa huchukua shingo, na maini huwekewa wazee waliobaki nyumbani, wasioweza tena kuwinda. Miaka yote papa ndiye aliyeyakata. Safari hii aliyakata jirani, akasita, akanitazama. Niliyapokea kwenye jani, nikampelekea papa.

Aliyagusa kwa vidole, akajua ni maini, fungu la wazee.

«Peleka kwa maman yako,» akasema. «Umuambie nimerudia ku nyumba.»