Mume Wangu Alikuwa Anatafuta Kadi ya Hoteli, Mimi Nikajua Ni Mwanamke

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka sitini na nne, mwalimu mstaafu, naishi Kanazi na mume wangu. Tuna mtoto mmoja wa kiume, nimwite Mugisha ingawa si jina lake. Nilitaka wanne. Leo nawaeleza kwa nini nina mmoja, na mkicheka sitawalaumu, maana kinachochekesha kipo.

Nilipita Vita ya Kagera nikiwa msichana wa shule, lakini niulizeni kuhusu miaka ya ukimwi, ndiyo iliyonitisha. Wa rika langu hapa Bukoba wanaikumbuka. Tulikuwa tunazika Jumatatu, tunazika tena Alhamisi, na viatu vya msibani havikai kabatini. Wakati huo tulipanga nyumba Kashai, hapa mjini, na mume wangu alikuwa kwenye mradi wa kusaidia yatima. Kazi yake ilikuwa semina: leo Kampala, kesho Nairobi, mara mbili tatu hadi Ulaya.

Sasa semina ya siku nne, yeye anarudi baada ya siku nane. Nikimuuliza, anasema iliongezwa. Siku moja nikakutana sokoni na mwenzake aliyekwenda naye Nairobi. Alikuwa ameshuka melini tangu Ijumaa, na wangu hajarudi. Akaangalia chini, akaanza kuniuliza bei ya dagaa. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Katika miaka ile mwanaume anayelala hotelini siku asizoweza kuzieleza, ungewaza nini?

Nilihamia chumba cha mtoto. Nilimsihi twende tupime, akakasirika, akasema namvunjia heshima. Nikaenda peke yangu, nikakutwa mzima, lakini mwezi uliofuata akasafiri tena na hofu ikaanza upya. Hivyo hivyo kwa miaka sita. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akija na mkungu wa ndizi na kuniomba mjukuu mwingine. Nami ningemwambia nini, kwamba mwanae ataniua? Mwisho akaniambia nimeifunga nyumba ya mwanae, na akafa akiwa haongei nami.

Alipokubali kupima, akakutwa mzima. Nililia kwa furaha. Nikasema Mungu ametunusuru, nikamsamehe, nikarudi chumbani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na mwili ulikuwa umeshakataa. Hata yule mwanamke wa Nairobi nilikuwa namuombea kwenye rozari, kwamba popote alipo asiugue.

Mwezi uliopita Mugisha alikuja kutusalimia. Anafanya kazi Dar na siku hizi anasafiri sana. Walikaa barazani na baba yake, mimi namenya ndizi mlangoni pa jiko. Mugisha akamuomba ushauri: mashirika ya ndege yanatoa kadi za madaraja kwa anayesafiri sana nayo, na hoteli zinatoa za kwao kwa anayelala sana kwao. Muda wa kufukuzia zote hana. Ipi ina maana?

Mzee wangu akajinyoosha kama anayetoa hotuba ya sherehe. Akasema ya ndege aachane nayo, atasubiria uwanjani kwenye viti vizuri halafu apande kile kindege cha kuja Bukoba ambamo wote mnakaa sawa. Afuate ya hoteli. Hoteli wanakujua kwa jina, wanakupa chumba kikubwa, chai ya asubuhi ni bure, na unakuta kikapu cha matunda mezani. Matunda yenyewe ndizi. Mtu wa Kanazi, aliyezaliwa katikati ya migomba, anasimulia kikapu cha ndizi macho yanang'aa.

Kisha akasema, "Mimi ile ya dhahabu niliipata Nairobi. Semina zilikuwa hazitoshi kujaza idadi ya siku wanazotaka, basi wenzangu wakiondoka nabaki siku nne peke yangu, nasoma gazeti. Kila mwaka unaanza upya, usipojaza wanakushusha."

Mugisha akamshukuru, akasema basi atafuata ya hoteli. Mimi kisu kilikuwa kimesimama mkononi.

Alipotoka mwanangu kwenda mjini, nilimuuliza mzee kama alijua nilichokuwa nikiwaza miaka yote ile. Alikiri alijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mama Mugisha, mwanaume akidhaniwa ana mwanamke, watu wanamwacha na mambo yake. Ningesema nabaki kwa ajili ya kadi, Kashai nzima ingenicheka."

"Na mimi niliyekuwa naogopa kufa?"

"Nilijua utazoea."

Ndugu zangu, angekuwa mzinzi ningejua pa kumweka. Wazinzi nawajua, nimewasamehe wengi, mmoja nilimsamehe bila kosa. Lakini huyu aliwasemea yatima mchana kwenye semina, halafu akawaacha mkewe na mama yake wasielewane hadi kaburini, ili mhudumu wa mapokezi amwite kwa jina. Akianza kunywa chai nainuka, naenda kukaa jikoni. Wala hajaomba msamaha. Anasema nakuza mambo, na kwamba nilipaswa kufurahi hakuwa na mtu.

Sasa kuna jubilei. Desemba tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, kamati imeundwa, vitenge vimeshonwa, na padre atatuita mbele turudie ahadi zetu na kukiri kwamba tumekuwa pamoja katika taabu na raha. Kwenye taabu nilikuwa peke yangu. Raha alikula yeye Nairobi, na kadi yake. Mugisha ananibembeleza nisimwaibishe baba yake mbele ya parokia.

Ninyi mlioko kwenye ndoa, semeni nami bila kunionea haya. Padre akituita, nisimame, au nibaki nimekaa kwenye benchi?